Eksteno ya TB 2 kwenda mtandaoni ukiwa Dar: brauza, Google Drive ya kompyuta au rclone?

Wapiga picha wa harusi, studio za muziki, ofisi za uhasibu zenye risiti zilizoskaniwa za miaka kumi: wote hufika siku wakashika eksteno (diski ya nje) iliyojaa na kuuliza, "Kaka, hizi nizipandishe wapi?" Wengi wanasubiri nitaje jina la kampuni. Mimi huuliza kwanza mambo mawili. Laini yako inapandisha kwa spidi gani? Na umeme ukikatika saa nane usiku, kazi itaendelea pale ilipoishia au itaanza upya? Ukishayajibu hayo, kuchagua kampuni kunakuwa kazi ya dakika tano.

Kuna jambo moja la kumaliza kabla ya yote. Eksteno ikiwa imeanza kugonga tik-tik, au inajitoa yenyewe kwenye kompyuta, usipandishe chochote moja kwa moja kutoka humo. TB 2 zitaifanya diski isomwe mfululizo kwa siku nyingi, na mgonjwa wa aina hiyo hamalizi safari. Nunua diski nyingine, nakili vitu humo, kisha upandishe kutoka kwenye hiyo mpya.

Hesabu ya spidi

Tangazo likisema Mbps 20 (megabiti kwa sekunde; biti nane ni baiti moja), kwa kawaida linazungumzia kushusha. Wewe unapandisha. Kwenye faiba namba hizo mbili mara nyingi hukaribiana; kwenye ruta ya 4G au 5G, kupandisha mara nyingi huwa ni sehemu ndogo tu ya kushusha. Kwa hiyo pima mwenyewe. Ila angalia: programu ya kupimia ya Speedtest hujichagulia seva ya karibu, yaani hapa hapa Dar, na itakupa namba ya kukufurahisha. Data yako haiishii Dar. Inapita kwenye nyaya za baharini kama SEACOM na EASSy kuelekea Ulaya au Afrika Kusini. Badilisha seva, chagua Amsterdam, London au Johannesburg, pima tena usiku, na namba hiyo ya pili ndiyo uje nayo kwenye jedwali hili.

| Spidi ya kupandisha | GB 500 | TB 1 | TB 2 |
|---|---|---|---|
| Mbps 5 | siku 9 | siku 18 na nusu | siku 37 |
| Mbps 10 | siku 4 na nusu | siku 9 | siku 18 na nusu |
| Mbps 20 | siku 2 na saa 7 | siku 4 na nusu | siku 9 |
| Mbps 50 | saa 22 | saa 44 | siku 3 na robo tatu |
| Mbps 100 | saa 11 | saa 22 | saa 44 |

Hizo ni hesabu za kwenye karatasi, laini ikiwa yako peke yako saa 24. Ongeza angalau robo ya muda juu yake. Na kama nyumbani kuna watoto wa YouTube na mtu wa vikao vya Zoom, utapandisha usiku tu. Kwa Mbps 20, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, unapata kama GB 80. TB 2 zitachukua usiku 25. Inavumilika, mradi zana uliyochagua haihitaji wewe kuamka kuikagua.

Watu wengine hukimbilia kununua SSD wakidhani itaharakisha kazi. Haitaharakisha chochote. Hata eksteno ya zamani ya USB 2.0 husomeka kwa MB 30 kwa sekunde, ambayo ni Mbps 240. Ni wachache Dar wanaopandisha kwa spidi hiyo wakiwa nyumbani. Hela hiyo peleka kwenye UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika.

Bando, faiba, au ofisi ya mtu

Bando la simu tulimalize haraka. Tuseme unapata GB moja kwa shilingi 2,000: TB 2, yaani GB 2,000, ni shilingi milioni nne. Unanunua eksteno kadhaa na chenji inabaki. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo vingi vina kiwango cha matumizi; ukikivuka spidi inashushwa, na huo mzigo wako utakivuka mapema tu. Bando litumie kwa folda moja ya dharura, ile ya bibi harusi anayesubiri picha zake leo.

Faiba ya nyumbani, iwe ile ya TTCL ya Faiba Mlangoni Kwako au ya kampuni nyingine inayofika mtaani kwako, unalipa kwa mwezi na huhesabiwi GB moja moja. Tatizo lake ni kwamba mtaa huu ipo, mtaa wa pili haipo, na wa tatu nguzo zimesimikwa bado mnaahidiwa. Ukiwa nayo, shughuli yako imekwisha nusu.

Njia ya tatu watu huisahau, nayo kwa wengi ndiyo nzuri kuliko zote: ofisi yenye laini nene, wikiendi. Kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 62. Kwa Mbps 50 zinatosha kupitisha kama TB 1.4, kwa Mbps 100 eksteno nzima ya TB 2 inaisha na muda unabaki. Kama una ndugu au rafiki mwenye ofisi Posta au Mikocheni, mwombe. Lakini mwombe na yule mtu wa IT pia, kwa jina lake na kwa heshima zote, kwa sababu ndiye atakayeona Jumamosi kuna kompyuta moja inakula laini nzima na kuichomoa.

Intaneti kafe na steshenari sizipendekezi kwa kazi hii. Eksteno inarudi na virusi vya kugeuza folda zote kuwa shotikati, na akaunti yako inabaki wazi kwenye kompyuta ya watu.

Kuhusu umeme, kuna mpangilio unaosaidia na haugharimu sana. Tumia laptopu badala ya kompyuta ya mezani, kwa kuwa betri yake ni UPS tosha. Tumia eksteno ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa laptopu. Zile kubwa za inchi 3.5 zenye waya wake wa ukutani huzimika TANESCO wakikata, na kuzimika ghafla katikati ya kazi ni kuitafutia diski maradhi. Halafu nunua UPS ndogo ya ruta, na uhakikishe inalisha pia kile kisanduku cha faiba kilichopo ukutani. Wengi huwasha ruta peke yake, wakashangaa kwa nini Wi-Fi ipo na intaneti hakuna. Zuia laptopu isilale ikifunikwa, na eksteno iweke mezani karibu na feni. Joto la Dar na godoro ni mchanganyiko mbaya kwa diski inayofanya kazi usiku kucha.

(Kampuni kubwa zenyewe huwa hazihangaiki na laini. Amazon mwaka 2016 walizindua Snowmobile, lori lenye kontena la kubeba petabaiti 100 (TB 100,000), na mwaka 2024 wakaliachisha kazi. Huduma za kuletewa kisanduku ukijaze data kisha ukirudishe zimetengenezwa kwa mashirika yenye mzigo mkubwa. Kwa studio ya Sinza tuziache.)

Zana tatu kwa mzigo mmoja

Brauza kila mtu anaijua: unafungua Google Drive, unaburuta folda, unasubiri. Kwa GB 5 ni sawa. Kwa GB 500 ni kamari. Ukurasa ukifungwa, kompyuta ikalala au Windows ikaamua kujisasisha, kazi imekufa, na mbaya zaidi hujui ni mafaili yapi yamefika na yapi hayajafika. Utaburuta tena folda ile ile na kuanza kubishana na nakala mbili mbili.

Google Drive ya kompyuta, ile programu unayoisakinisha, ni hatua kubwa mbele. Intaneti ikirudi inaendelea bila kuambiwa. Ila ina mitego miwili. Wa kwanza: ukiburuta mafaili kutoka kwenye eksteno kwenda kwenye ile diski ya Drive, kwa kawaida herufi G, programu huyanakili kwanza kwenye diski ya ndani ya kompyuta ndipo iyapandishe. Laptopu yenye GB 60 za nafasi kwenye C itajaa kabla hujamaliza hata harusi mbili. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuiambia programu ichukue folda pale pale ilipo kwenye eksteno, au kuihamishia hifadhi yake ya muda kwenye diski yenye nafasi.

Mtego wa pili ndio unaoumiza. Folda iliyosawazishwa hufuata unachofanya huku. Mtu anaona kila kitu kimepanda, anafurahi, anafuta vitu kwenye eksteno ili apate nafasi, na kule mtandaoni navyo vinafutika. Vinakaa kwenye takataka za Drive siku 30, kisha vinaondoka moja kwa moja. Kabla ya kufuta chochote kwenye eksteno, ondoa kwanza usawazishaji wa folda hiyo, ingia Drive kwa brauza, hakikisha vitu bado vipo, ndipo ufute.

Ya tatu ni rclone. Ni ya bure, haina madirisha ya kupendeza, unaandika amri kwenye skrini nyeusi. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma, na ni hasara kwao, maana kwa umeme na intaneti yetu hakuna nyingine inayovumilia hivi. Ukishaiunganisha na akaunti yako, kwa kuijibu maswali machache inayokuuliza, kazi nzima ni mstari mmoja:

`rclone copy "E:\Harusi 2023" drive:Harusi2023 --transfers 4 --drive-chunk-size 64M --bwlimit "06:00,512k 21:00,off" --progress`

Tuusome. `copy` inapeleka vilivyopo na haifuti kitu kule. Ipo pia `sync`, ambayo hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo huku. Hiyo usiiguse mpaka uwe unajua unachofanya. `--transfers 4` ni mafaili manne kwa wakati mmoja. `--drive-chunk-size` inakuza vipande vinavyotumwa, na kwa safari ndefu ya Dar hadi Ulaya vipande vikubwa husaidia. Kipande cha `--bwlimit` ndicho kinacholeta amani nyumbani: kuanzia saa 12 asubuhi inabanwa hadi kilobaiti 512 kwa sekunde, kama Mbps 4, na ikifika saa 3 usiku inaachiwa yote. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 3 usiku yako ni 21:00 yake.

Umeme ukikatika, ukarudi, unaandika mstari ule ule. Rclone inalinganisha, inaruka yaliyokwisha kufika, inaendelea na yaliyobaki. Mafaili yaliyokuwa katikati ndiyo pekee yanayoanza upya. Hili uliwekee akili kama una mafaili makubwa: video moja ya GB 60 kwa Mbps 20 inachukua karibu saa saba, na ikikatika saa ya sita umeipoteza safari hiyo yote. Kama ni kumbukumbu ya kuweka tu, ikate kwa programu ya 7-Zip iwe vipande vya GB 4.

Kinyume chake, mafaili madogo mengi, nacho ni tatizo, na hapa spidi ya laini haikusaidii. Google Drive hubana idadi ya mafaili. Kwa rclone utapata kama mafaili mawili kwa sekunde, hata yawe madogo kama nukta. Ofisi yenye risiti 200,000 zilizoskaniwa itasubiri saa 28 kwa hesabu ya idadi peke yake, faiba iwe ya Mbps 20 au ya 200. Zifunge risiti za kila mwezi kwenye faili moja la zipu, bila kuzibana, na mambo yatakwenda.

Anayeogopa skrini nyeusi kabisa ajaribu Cyberduck. Ni ya bure, ina vitufe vya kubonyeza, na inaongea na Google Drive, Backblaze na Amazon. Mimi bado ningemkalisha mtu nusu saa ajifunze ule mstari mmoja.

Sasa, wapi?

Google wanaruhusu kupandisha GB 750 kwa siku kwa akaunti moja. Usihangaike nayo: laini isiyozidi Mbps 69 haiwezi kufika hapo hata ikikimbia saa 24.

Kwa mzigo wa TB 2 kamili, kifurushi cha Google One cha TB 2, ambacho bei yake iliyozoeleka Marekani ni dola 9.99 kwa mwezi, kinaishinda Backblaze B2, stoo ya mtandaoni, kwa bei. B2 Oktoba 2023 walipandisha hadi dola 6 kwa kila TB kwa mwezi, yaani dola 12 kwa TB 2. Lakini mizigo haikai kwenye namba kamili. Kwa bei hiyo, ukiwa na TB 1.2, B2 ni kama dola 7 na senti 20. Ukiwa na TB 2.3 ni chini ya dola 14, wakati Google watakusukuma kwenye kifurushi kinachofuata. Unalipa kwa ulichoweka. Tofauti nyingine ni matumizi: kwenye Drive unampa mteja kiungo na anaona picha zake kwenye simu, B2 ni stoo, mteja hana cha kufungulia. Ukiamua B2, wakati wa kufungua akaunti chagua kanda ya Ulaya, maana kanda hufungwa na akaunti pale mwanzo na ya Marekani iko mbali zaidi.

Wasabi wanafanana na B2, ila wanakutoza kama TB 1 hata ukiweka GB 200, na ukifuta kitu kabla ya siku 90 unalipia siku zilizobaki. Kwa mtu anayepangua mafaili kila wiki, hapana.

Amazon wana daraja la Glacier Deep Archive, kama dola 1 kwa TB kwa mwezi. Bei tamu. Ila ukihitaji kitu unasubiri muda unaoweza kufika saa 12 au zaidi kitolewe, kisha unalipa takriban senti 9 za dola kwa kila GB inayotoka. Siku eksteno ikifa ukataka TB 2 zote zirudi, ni zaidi ya dola 170. Inafaa kwa kumbukumbu ambazo unaomba Mungu usizihitaji.

Kuna na wanaoweka kila kitu Telegram, mafaili ya hadi GB 2 kila moja, bure. Kwa kutumiana ni safi. Kama hifadhi pekee ya kazi ya wateja, huna mkataba na mtu yeyote.

Bei hizo zote ongezea VAT kwa kampuni zinazoitoza, kwa kuwa huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT hapa nchini. Na malipo yakiwa yanakatwa kwenye kadi ya mtandaoni unayotengeneza ndani ya M-Pesa, au ya benki, hakikisha ina salio tarehe ya kukatwa. Kwa Google, kifurushi kikiisha ukiwa umezidi GB 15 za bure, hutapandisha tena na Gmail yako itaacha kupokea barua. Ukikaa hivyo miaka miwili wana haki ya kufuta. Kwa studio inayopokea oda kwa Gmail, kuzimika kwa barua kunauma kabla ya hayo mengine.

Zahanati, shule na ofisi za wanasheria zina swali la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Faili la mgonjwa likienda Amsterdam limetoka nje ya nchi. Wasiliana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwanza, na hata ukiruhusiwa, pandisha yakiwa yamefungwa kwa nywila kupitia `crypt` ya rclone. Nywila hiyo iandike kwenye karatasi, weka kabatini. Ikipotea, hakuna wa kukufungulia.

Ningechagua hivi

Mpiga picha mwenye faiba nyumbani: rclone usiku, Google One ya TB 2, na UPS ya ruta. Mhasibu: zipu kwanza, halafu B2. Mwanafunzi mwenye GB 100 za kazi za chuo: Google Drive ya kompyuta, na asijisumbue na mengine. Asiye na faiba na mwenye TB 4 au zaidi aombe ofisi wikiendi kadhaa, folda moja moja kuanzia ile ambayo ikipotea atashitakiwa.

Laini ikiwa Mbps 5 na ofisi hakuna, nunua eksteno ya pili, nakili kila kitu, ipeleke kwa shangazi Morogoro, kisha mtandaoni pandisha zile kazi zilizokamilika tu. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya nchi nzima kuzorota, mwenye nakala Morogoro alikuwa na kazi zake.

Na kabla hujagusa kitufe cha kufuta kwenye ile eksteno ya zamani, andika hii:

`rclone check "E:\Harusi 2023" drive:Harusi2023 --one-way`

Inalinganisha faili kwa faili, alama kwa alama, si majina peke yake. Itasoma folda hiyo nzima upya kutoka kwenye eksteno, kwa hiyo iache usiku mmoja. Ikileta `0 differences found`, futa folda hiyo.